Mama Mikate na Gari Lisilowaka

Mpiga picha alikuja amefura. Njia nzima, akishika usukani wa gari lake lililokuwa likivutwa kwa kamba, alikuwa akiyapanga maneno yake, na la kwanza lilikuwa "nirudishie". Akiba yake yote ilikuwa imeishia kwenye lile gari dogo la mizigo. Tangu alinunue lilikuwa limeshamwaibisha kwenye harusi mbili, na mafundi walilifungua na kulifunga bila kuona kitu.

Mama Mikate alitoka jikoni na unga hadi kwenye nyusi. Mwanamke huyo, nyie, mtaa mzima uliamka kwa mikate yake! Miaka kumi na mmoja aliisambaza kwa gari hilo, akaliuza ili anunue tanuri kubwa. Tanuri lenyewe lilikuwa bado kwenye boksi lake sebuleni, watu wanapita kiubavu.

"Haliwaki?" alimaka. "Gari langu mimi? Usinisingizie!"

Kaka yake, karani mstaafu asiyekubali neno limpite, alidakia kutoka mlangoni. "Dada, usijichoshe. Wewe si duka, umeuza chako, na tumeandikiana kwamba limeuzwa lilivyo. Labda kama ulijua ubovu ukamficha, hapo ndipo ana haki."

"Nimfiche nini? Naapa kwa wanangu, gari lile zima!"

Akanyoosha mkono, akapewa ufunguo, akaingia. Gari likawaka. Hapo hapo! Kaka alicheka mpaka akapaliwa, na mpiga picha akatamani ardhi ipasuke immeze.

Lakini mtu wa kazi yake ana macho. Kuna kitu kilikuwa kimempita upesi.

"Mama, hebu zima. Washa tena."

Safari hii alimtazama sawasawa. Goti la kushoto likainuka, likausukuma usukani juu kidogo. Kiganja kikagonga dashibodi karibu na redio. Gia ikavutwa, ikaachiwa. Mguu wa kulia ukakanyaga mafuta haraka haraka, ukatulia, na hapo tu ndipo ufunguo ukazungushwa. Na muda wote huo Mama Mikate alikuwa amemgeukia kaka yake, anamlalamikia bei ya unga!

Mpiga picha alisisimka mwili mzima. Hasira ilimtoka yote. Alijiona amesimama mbele ya jambo kubwa ambalo hakuna aliyewahi kuliona, hata mwenyewe.

"Mama, hilo goti unaliinulia nini?"

"Goti gani?"

Akamwonyesha, kimoja baada ya kingine. Mama Mikate akakataa, akacheka, akakataa tena. Kisha akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Kumbe lilianza kuumwa zamani, kidogo kidogo. Na mimi nikawa nalisaidia."

"Basi hukujua," alisema kaka. "Kisheria hapo huna..."

"Nyamaza, kaka! Nimeapa kwa wanangu. Kichwa hakikujua, lakini goti lilijua, na goti ni langu."

Kaka akakunja mikono, akarudi mlangoni.

Mama Mikate akapiga simu dukani waje walichukue tanuri lao, boksi halijafunguliwa. Walipolibeba alilipapasa ubavuni, halafu pesa walizomrudishia akamwekea mpiga picha mkononi. Kijana alitaka kukataa, lakini naye alikuwa na kodi ya nyumba. Alizipokea huku ameinamisha kichwa.

"Panda nikusogeze," Mama Mikate alimwambia. "Huna gari tena."

Kijana akakaa kando yake. Mama Mikate akashika ufunguo, akafikiri. Akaanza na goti, hapana, na dashibodi. Kimya. Akarudia tena na tena, midomo ikihesabu, jasho likimtoka. Kimya!

"Umenifanya nini, mwanangu?" aliuliza, machozi yakimlenga. "Kesho mikate nitaipeleka na nini?"

Mpiga picha aliitazama ile mikono iliyopoteza njia, mikono aliyoipoteza yeye mwenyewe kwa kuitazama. Akageuza uso, akaangalia nje dirishani.

"Hivi Mama," alisema taratibu, "unga siku hizi umefika bei gani?"

"Unga? Weee, usiniulize! Yule bwana wa dukani hana hata haya, jana tu..."

Na goti la kushoto likainuka.