Wilhelmina Anazihamisha Sauti za Mwamapalala

Ukitaka kumjua Wilhelmina wa Somanda, usiishie kwenye cherehani yake pale barazani. Ingia sebuleni. Utaikuta kompyuta ya mezani inayonguruma kama mashine ya kusaga, na ndani yake akina mama wa Mwamapalala wakiimba nyimbo za kupalilia pamba. Aliwarekodi shambani msimu baada ya msimu, kwa kamera ya kuazima. Wengi wetu tunalalamika kwamba mila zinapotea, tena tunalalamika tukiwa tumekaa. Yeye alivaa ndala akaenda.

Nyimbo hizo alizitengenezea filamu fupi, na tamasha moja la Dodoma likamwita akaioneshe. Asubuhi ya safari alichomeka eksteno, kile kidude cha kuhifadhia mafaili kinachoingia mfukoni, akaanza kunakili kila kitu: filamu kwanza, kisha nyimbo zote. Kompyuta ilikuwa imeanza kujizima yenyewe, na nyimbo hazikuwa na nakala nyingine popote duniani.

Mama mkwe wake, Bibi Apolonia, akaingia na kikombe cha maji. Misa hakosi, lakini kwake hakuna kinachotoka kwenda mbali bila kupuliziwa maji ya baraka.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma. "Kinachosafiri ni kipi?"

"Mimi, mama. Na hiki hapa."

Wilhelmina alidhani ataanza na kichwa chake. Bibi akajaza mashavu. Pfuuu! Eksteno ikaoga.

"Mama!" Januarius, mumewe, aliruka kutoka kwenye kochi, akaing'oa eksteno kwenye waya na kukimbia nayo uani. Akaianika juu ya turubai la mtama. Kuku wakaja kuichunguza.

"Umeiua, mama! Umeme na maji!"

"Nimeibariki. Anayekimbia nayo kama mwizi wa kuku ni nani?"

Wilhelmina aliifuta kwa kanga. Ganda lake la mpira halikuwa limepitisha hata tone. Akaichomeka tena. Taa ikawaka! Filamu ilikuwemo. Lakini folda ya nyimbo ilikuwa imekatikia njiani pale Januarius alipoing'oa, na ilibidi kuanza upya.

"Umeona?" Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. "Maji yangu hayana kosa. Mbio zako ndizo zenye kosa."

"Filamu ipo, mke wangu, twende! Basi linaondoka. Nyimbo utazikuta ukirudi."

"Nizikute kwenye kompyuta hii? Jana imezima nikiwa naitazama. Ikifa nikiwa Dodoma, nitawaambia nini wale akina mama? Siondoki."

Honi ya basi ikalia kutoka stendi, mara moja, kisha kwa hasira. Januarius alishika kichwa. Wilhelmina akavuta kigoda, akakaa mbele ya kioo na kuitazama mistari ya kijani ya kunakili ikitambaa. Basi likaondoka. Hakugeuka. Nawaambia, kama kila ofisi ya utamaduni nchini ingekuwa na mtu mmoja wa kukaa hivyo, tusingekuwa tunalialia.

Faili la mwisho lilipoingia aliitoa eksteno taratibu, kwa utaratibu wote ambao kompyuta hudai, akaitia kifuani. Bibi akampulizia maji kichwani mbio mbio, naye akapanda pikipiki ya Januarius.

Loo, mbio zile! Vumbi, ng'ombe barabarani, Januarius akipiga honi na kuomba msamaha kwa pamoja, Wilhelmina nyuma amekumbatia begi akicheka kama msichana. Basi walilikuta Maswa, linapakia magunia.

Kondakta alimtazama mwanamke huyu mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi ndala.

"Dada, umebeba nini mpaka unafukuza gari hivi?"

"Wanawake arobaini."

Kondakta akachungulia nyuma ya pikipiki. Akamkuta Januarius tu, anahema.

"Wako wapi?"

Wilhelmina akapiga kifua chake. "Wamo humu, wanaimba."

"Haya, pandeni wote," kondakta alisema, "lakini siti ni moja, na mkigombana dirishani nawashusha."

Abiria walikuwa bado wanacheka gari lilipoanza kutembea, na mama mmoja wa siti ya nyuma alikuwa ameshaanza kuuliza: "Wanaimbaje hao? Hebu anza, tuitikie."

Akaanza.