Mama Spana na Maji Yaliyopoa Njiani

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Siku ya tano maji ya sola yalipotoka vuguvugu tena, nilimpigia simu Mama Spana, fundi bomba wa mtaani, nikafoka kana kwamba yeye ndiye jua. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Mwanangu, kunywa maji kwanza. Nakuja."

Zamani alikuwa mpishi wa shule. Bomba la jikoni likapasuka, fundi akamzungusha siku tatu, naye akaazima spana kwa dereva na kulifunga mwenyewe. Hajarudi kwenye masufuria tangu siku hiyo. Ana miaka hamsini na ushee, anavaa bwelasuti aliyoifupisha miguu, na mikono yake ndiyo kipimajoto chake.

Mimi sikuwa nalilia maji kwa ajili yangu. Mama yangu mzazi anaishi kwetu tangu apate kiharusi. Mkono wake wa kulia hauna nguvu, na asipooga maji ya moto mwili wote unamkaza. Siku hizo tano nilikuwa nachemsha maji jikoni, nachelewa kazini, naye ananiona ninavyohangaika. Jana yake akaniambia, "Nimekuwa mzigo hapa. Dada yako anakuja kesho kunichukua." Dada anakaa ghorofa ya nne, lifti hakuna. Mama akishapandishwa kule, kutoka nje tena itakuwa ndoto. Nilimbembeleza, wapi!

Fundi wa kwanza tuliyemwita alikuwa amepanda juu ya paa, akashuka, akatangaza kwamba tangi limekufa. Limekufa! Alikosa tu kutupa pole ya msiba. Mama Spana naye akapanda, akagusa bomba linalotoka kwenye tangi, akaachia haraka.

"Huku juu yanaunguza!" akapaza sauti. "Tangi zima kabisa. Maji yanapozwa njiani."

Aliposhuka alifunga koki inayoingiza maji baridi kwenye tangi, kisha akafungua bomba la moto la jikoni. "Hapa yanatakiwa yakatike," akasema. "Yasipokatika, ujue kuna mahali baridi inapenya." Tukasubiri. Maji yakaendelea kutiririka, baridi, bila haya.

Akakagua bomba moja baada ya jingine mpaka bafu la mama. Wiki iliyopita mume wangu alimfungia humo shawa ya mkono, ile ya kubonyeza kitufe, ili aoge amekaa. Koki zake zote mbili, ya moto na ya baridi, zilikuwa wazi. Kitufe tu ndicho kilichozuia maji. Kwa hiyo baridi, yenye msukumo mkubwa zaidi, ilikuwa inapitia humo kuingia bomba la moto na kupoza nyumba nzima.

Mama alikuwa mlangoni na mkongojo wake. "Ni mimi," akasema taratibu. "Koki zinanishinda kufunga. Nikaona aibu kuwaita kila mara."

Sasa ataondoka kweli, nikawaza.

Mama Spana akageuka. "Shawa hii alifunga nani?"

Mume wangu akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Mtu mkono hauna nguvu, wewe baba unamwekea koki mbili za kunyonga? Ulitaka afunge kwa meno?"

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu augue.

Kufikia saa sita, koki zile zilikuwa zimeng'olewa, na mahali pake pana koki moja ya mpini mrefu, inayosukumwa hata kwa kiwiko. Mama Spana akamjaribisha mama mara tatu, fungua, funga, halafu akatutoa wote nje.

Tulisimama koridoni kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Maji yakamwagika, yakakatika, yakamwagika tena. Alikuwa anafungua na kufunga mwenyewe, na mimi nililia palepale, sikujali nani ananiona.

Honi ikalia nje. Dada kafika, tena na teksi.

"Mama, dada amekuja!" nikaita.

"Mwambie aende zake," akajibu kutoka ndani ya mvuke. "Mimi naoga."