Vitambaa Vitatu Vya Mama

Enzi zetu Changamwe, mtoto wa karibu na reli ulimjua kwa pua yake. Tulikuwa tukicheza kibe nyuma ya nyumba, gari la moshi likipita tunaacha kujificha, tunakimbilia kuhesabu mabehewa. Jioni ukipenga, kamasi latoka jeusi, nasi twacheka. Ilikuwa miaka ya vita, magari yakipita kutwa kwenda na kutoka bandarini. Baba alikuwa mtia makaa wa magari hayo, na kwake moshi ule ulikuwa ndio riziki yetu.

Mdogo wangu Rukia hakucheka. Alikuwa na pumu. Alilala ameegemea ukuta, kifua kikimlia filimbi. Mama akagundua kwamba kila Rukia akishinda kwa shangazi yetu, Bi Mwanaisha, kule kilimani, hupumua vizuri. Na si mbali, hatua mia mbili hivi.

"Baba Rukia, mtoto na akakae kwa dada yako," Mama alimwambia.

"Hewa ya Changamwe ni moja," Baba akajibu. "Hapa na pale pana tofauti gani?"

Mama alichana shuka nyeupe vipande vitatu. Kimoja akakitundika mlangoni petu, cha pili kisimani katikati ya njia, cha tatu kwa shangazi.

Siku ya tatu alivitandaza mkekani, Baba akila muhogo wa nazi. Chetu kilikuwa cheusi, cha kisimani kijivu, cha shangazi kimeingia vumbi kidogo tu. Baba akaacha kula. Alivishika kimoja kimoja kwa vidole vyake ambavyo masizi yake hayakutoka kwa sabuni yoyote.

"Kumbe namchoma mwanangu mwenyewe," alisema polepole. Akainuka, akajitwika kitanda cha Rukia, akapanda nacho kilimani.

Mwezi haukwisha, Rukia akawa anatushinda sote kwa mbio. Mimi nilibaki chini, nikimwonea wivu kwa mahamri ya shangazi, na chumba kikinikalia kikubwa.

Siku hizi vijukuu wetu wakikohoa hufunga dirisha, wakawasha feni, wakadhani wamepona. Nawacheka, kisha nawahurumia. Foleni ya malori, na moshi wake, imefika hadi mlangoni kwa shangazi. Sisi tulikuwa na pa kumhamishia mtoto, na tulifika kwa miguu.