Mguu Uliotangulia

Nilipokuwa mtoto pale Riruta, miguu yangu iliheshimiwa kuliko mimi mwenyewe. Nilizaliwa nimetanguliza miguu, jambo lililomtesa mama siku nzima na kumfurahisha Kukhu, mama yake baba, kwa miaka tisa iliyofuata. Kukhu aliamini kwamba mtoto aliyekuja duniani namna hiyo akikanyaga mahali palipoteguka, patapona. Majirani walileta viuno na vifundo vyao, wakalala kifudifudi kwenye mkeka, nami nikawapandia kwa uzito wote wa darasa la tatu. Wengi walipona. Leo najua kwamba kiuno kilichochoshwa na kufua hupona chenyewe kikipewa mahali pa kulala, lakini wakati ule sifa zote zilikuwa zangu.

Sharti lilikuwa moja: mtu asinishukuru. Ukimwambia mkanyagaji asante, dawa inarudi ilikotoka. Basi watu waliinuka, wakajinyoosha, wakasema "nimeona", wakaenda zao.

Ng'ombe wetu aliitwa Kitisuru, kwa sababu ndiko alikotoka, mtaa wa matajiri. Baba alikuwa akilinda nyumba moja huko, na mwajiri wake alipohama nchi alimwachia ng'ombe, badala ya kila kitu kingine alichostahili kumwachia. Hivyo baba akawa hana kazi, na nyumbani kwetu mwenye kazi akawa Kitisuru. Alikuwa amezoea nyasi za kukatwa kwa mashine. Kwetu, nyuma ya vyumba vya wapangaji, alikula maganda ya viazi kutoka kibanda cha chipsi na hakulalamika. Watoto wanne tuliishi kwa maziwa yake.

Jumanne moja mpangaji alimwaga maji ya sabuni kwenye saruji. Kitisuru akateleza, mguu wa nyuma ukaenda upande usiofaa, na alipoanguka hakuinuka. Kufikia jioni kiungo cha katikati ya mguu kilikuwa kimevimba kama papai. Mwenye bucha alipita kusalimia, salamu ndefu kidogo, akamweleza baba kwamba ng'ombe asiyesimama hakai siku nyingi kabla nyama yake haijaharibika. Wakakubaliana: asiposimama kufikia Jumamosi mchana, aje na watu wake.

Jumatano mama alikwenda mjini kutafuta daktari wa mifugo wa serikali. Alirudi jioni akatusimulia bila kucheka. Karani wa dirisha la tatu alifungua kitabu, akakifunga, akamweleza kwamba kwa sheria za jiji Riruta haina ng'ombe.

"Basi kuja uone vile hayuko," mama akamwambia.

Karani akampa fomu. Fomu ilitaka sahihi ya chifu kuthibitisha kwamba mfugo upo, na chifu alitaka barua ya ofisi ya mifugo kuthibitisha kwamba mfugo unaruhusiwa kuwapo. Nimefanya kazi katika ofisi za Westlands miaka mingi sasa, na bado sijaona kazi safi kama ile: ng'ombe mzima kufutwa duniani kwa karatasi mbili.

Ndipo Kukhu akaniangalia miguu.

Alhamisi asubuhi alinisimamisha kando ya ng'ombe. "Weka kisigino hapo penye moto," akasema. "Na usimwonee huruma, Nekesa. Huruma inalegeza dawa."

Nikashika nguzo ya zizi, nikapanda. Kitisuru akatoa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwa ng'ombe wala kwa mtu. Kukhu akasema huo ni ugonjwa unatoka. Ijumaa nilikanyaga tena, na uvimbe ukazidi. Kukhu akasema ugonjwa unakusanyika mlangoni. Hakukosa maelezo; angeajiriwa pale dirisha la tatu bila mahojiano.

Mimi nilikuwa nimeshikwa na hofu. Baba alishinda ameketi juu ya debe. Mama alikuwa akimlowesha Kitisuru midomo kwa kitambaa, akimbembeleza kwa Kibukusu, lugha ambayo ng'ombe yule wa Kitisuru hakuwa na sababu ya kuijua. Usiku ule sikumwombea ng'ombe. Nilikiombea kisigino changu.

Jumamosi niliamka kabla ya wote, nikaenda kukanyaga peke yangu. Safari hii niliruka. Mara mbili. Ya pili kitu kililia ndani ya mguu kama ukuni mkavu, na Kitisuru akajirusha akasimama. Alisimama kwa miguu mitatu, akitetemeka, macho yamemtoka. Mama alikuwa amefika mlangoni na ndoo tupu.

"Asante, mwanangu," akasema. "Asante sana."

Kitisuru akaanguka, na hakujaribu tena.

Daktari alifika saa sita, chifu akiwa ametia sahihi kwa njia ambayo mama hakuwahi kuieleza. Nilijificha nyuma ya tangi la maji, nikamwona akipapasa kiungo na kumuuliza mama maswali kwa sauti ya chini. Aliandika kwa muda mrefu, akampa nakala, akaenda. Saa nane mwenye bucha alikuja na watu wake.

Jioni nilimuuliza mama kama ni mimi.

"Si wewe," akasema. "Ni mimi nilisema asante."

Nikaamini. Chai ya rangi tuliyokunywa mwaka ule niliinywa nikimtazama yeye, na sina jina zuri la mtazamo huo. Kukhu naye alikwenda kaburini bila kumsamehe mama. Tangu siku ile mama hakunishukuru tena kwa jambo lolote. Nilipopata mshahara wa kwanza nikamnunulia jiko la gesi, alilizunguka, akaligusa, akasema, "Nimeona." Nilidhani ni woga.

Mwaka jana ofisi moja ilitaka ushahidi kwamba mama anaishi mahali ambapo ameishi tangu aolewe. Nikafungua sanduku lake la bati. Chini ya kadi za kliniki nilikuta nakala ya fomu ya mifugo, imekunjwa mara nne. Kwenye nafasi ya maoni daktari alikuwa ameandika: "Kiungo kiliteguka tu. Kingeweza kupona kwa maji baridi, kufungwa bendeji, na ng'ombe kulazwa kwenye majani makavu na kugeuzwa mara kwa mara. Kimevunjika leo kwa kukanyagwa. Mwenye mfugo ameelezwa."

Mwenye mfugo ameelezwa. Mama anasoma vizuri. Kanisani ndiye husoma matangazo. Alijua tangu saa sita ya siku ile, na akakubali kuangaliwa vibaya na mtoto wake na mama mkwe wake ili mimi nisiuogope mguu wangu mwenyewe. Na uongo huo aliutunza kwa kuninyima neno moja, miaka yote, nisije nikaanza kuuliza maswali.

Niliikunja karatasi mara nne, nikairudisha. Nikapika chai, nikampelekea uani, alipokuwa ameketi kwenye benchi pale palipokuwa zizi, amenyoosha goti linalomsumbua.

"Nimeona," akasema, akapokea kikombe.

"Asante, mama."

Akanitazama. "Ya nini, na chai umepika wewe?"

Alikunywa kidogo, akaitazama miguu yangu, kisha akasogea nikapata pa kukaa.