Wauza Karanga Mbele ya Gauni

Mama mdogo wangu ni mshonaji. Alijifunza kwetu Bukavu, na sasa anashonea hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kwenye kibanda kilicho jirani na nyumba yetu. Mwaka jana alishona gauni la kitenge lenye mabega yaliyosimama kama mabawa ya kuku aliyetishwa, tukalipeleka Lilongwe, kwenye duka la Mchina kule Area 36.

Mwenye duka ni mwanamke wa makamo aliyekaa Malawi muda mrefu, na Kichewa chake kinatushinda sisi wote. Hakulikataa gauni, wala hakulikubali. Alilivaa mwenyewe, akajizungusha mbele ya simu, akairusha video kwenye mtandao wa kwao.

"Amayi," akamwambia mama mdogo, kama wanavyoitwa akina mama huku, "nangoja hadi Jumamosi. Wakilizungumzia gauni, nitatundika magauni yako dukani. Wasipolizungumzia, utakuja kulichukua."

Mama mdogo alikuwa amekwisha kata vitambaa vya magauni mengine. Kwa hiyo mwenye duka akanifungulia akaunti ya mtandao huo kwenye simu yangu, ambayo ina programu ya kutafsiri, nami nikapewa kazi ya kusoma maoni.

Asubuhi iliyofuata yalikuwa yamejaa. Nilianza na la kwanza, kwa utaratibu, nikisoma kwa sauti.

"'Niko mstari wa mbele. Nauza karanga.'"

"Na robe?" mama mdogo akauliza. Gauni kwake ni robe.

"Hajaitaja. Wa pili anauza mbegu za alizeti. Wa tatu ana maji ya chupa. Wa nne anakodisha viti, anasema wanaochelewa watasimama."

Mama mdogo akaondoa mguu kwenye mashine. "Banauzia wapi?"

"Hapa. Chini ya video."

"Chini ya robe yangu?"

Nikaendelea. Mtu mmoja alitangaza kwamba anakula tikiti maji na asisumbuliwe. Chini yake wengi waliandika maneno yale yale, neno kwa neno, na mmoja akawaonya wasivunje foleni. Gauni hakuna aliyeligusa.

Mama mdogo amewahi kuuza nguo sokoni hapa kambini, na jambo hilo analijua vizuri. Ukitandika nguo nzuri watu husimama, na watu wakisimama, wauza karanga huja kukaa mbele yako. Huwafukuzi. Unawaomba wasogee, mmoja mmoja, kwa adabu.

Nikamwambia pengine wanatania.

"Mutu hawezi kutania na alizeti," akasema. "Andika. Batoto yangu, habari ya asubuhi. Mi njo mama mwenye alishona hii robe. Biashara yenu iko muzuri, lakini munaniziba. Wa karanga asogee kushoto. Wa viti aende nyuma. Wa tikiti amalize kula, anawe mikono, asiguse kitambaa. Mungu abariki."

Nilijaribu kufupisha. Alikataa. Programu ikatafsiri, nikatuma.

Majibu yakaanza kuingia kabla chai haijapoa.

"Mama, nimesogea kushoto, lakini huku kuna jua."

"Mama, viti viko nyuma. Kimoja kina mguu mbovu, nisamehe."

"Mama, mimi siuzi kitu, nimeshika mwavuli tu. Nibaki?"

Mama mdogo alimfikiria sana huyo wa mwavuli. "Abaki," akasema. "Lakini aufunge."

Mla tikiti aliripoti kwamba amenawa. Mtu mwingine akajitolea kuwa mfagiaji, akasema maganda yote ameyaokota. Kila mmoja alijibiwa, maana mama mdogo hamwachi mtu aliyemsalimu bila jibu, na kidole gumba kilichouma kilikuwa changu.

Ijumaa mtu akaandika: "Sasa mbele pako wazi. Jamani, mabega."

"Mabega hayo yanapitaje mlangoni?" akauliza mwenzake.

"Mwambie, kwa ubavu," mama mdogo akasema.

Kuanzia hapo hawakuzungumza kingine. Mmoja alitaka gauni dogo la mbwa wake. Mama mdogo akaomba kipimo cha kifua cha mbwa.

Jumamosi tulipofika Area 36, mwenye duka alianza kucheka hata kabla ya salamu. Akatueleza kwamba kwao, kitu kikipendeza kutazamwa, watu hujifanya wako uwanjani, na wengine hujifanya wachuuzi wa mstari wa mbele. Karanga zilikuwa sifa tangu mwanzo.

"Hawakuwa na karanga?" mama mdogo akauliza.

"Hata moja, amayi."

Akaniinamia. "Njo maana balisogea mbio."

Mwenye duka alilitundika gauni kwenye ukuta unaotazama mlango, akasema mengine yaletwe. Mama mdogo akarudi nyuma hadi kizingitini apate kulitazama kama mnunuzi. Hakuliona. Mbele yake alikuwa amesimama mama mmoja akichagua chupa za chai.

"Pepani, amayi," akamwomba radhi taratibu, "naomba usogee kidogo."

Yule mama akasogea, akainua macho kuona kilichofanya aondolewe, akauliza kama lipo jekundu.