Mama mkwe anamsubiri Mama Precious, na Mama Precious ni mimi

Admin, weka hii lakini jina langu ulimeze. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, naishi Mbotela, hapa Nairobi, na mke wangu, ambaye mimba yake imeshakuwa kubwa. Kazi yangu ni kuuza sidiria za mitumba. Chekeni kwanza mmalize, halafu mnisikilize.

Mwanzoni niliuza kwa akaunti yangu, picha yangu na ndevu zote ikiwa hapo juu. Hakuna mwanamke aliniambia saizi yake, na wengine walinifungia kabisa. Nikafungua akaunti ya pili, nikaweka picha ya maua, nikaiita Mama Precious, na biashara ikashika. Mke wangu anajua, hata jina alichagua yeye. Mteja akitaka kupiga simu namwambia aandike tu, niko na watu. Sikuona ubaya, kwa sababu mzigo ni halali na kila anayelipa anapata chake.

Juzi mteja akaandika anataka sidiria laini isiyo na waya. Kuangalia picha, ni mama mkwe, na kitambaa chake cha kanisa kichwani.

Sisi ni watu wa Magharibi mwa Kenya, na heshima ya ukwe kwetu si mchezo. Mimi na yeye hatusalimiani kwa mkono. Akiwa ameketi mahali nami niingie, mmoja wetu atatafuta sababu ya kutoka. Akija Nairobi halali kwangu, analala kwa dadake Mukuru kwa Njenga. Sasa huyo ndiye ananiandikia saizi ya kifua chake. Ningesema nini, "Mama, ni mimi"? Niliona nitamwaibisha bure, nikamjibu kama mteja yeyote, nikatuma mzigo kwa basi. Hapo ndipo nilijifunga.

Alirudi kushukuru, na kwa kuwa anaongea na mwanamke mwenzake, akafunguka. Ana uvimbe kwenye titi, unazidi kukua, na siku hizi unatoa maji. Hajaambia mtu. "Binti yangu ni mjamzito, nikimwambia atapata presha apoteze mtoto. Wewe hunijui, ndiyo maana nakuambia." Nilisoma hiyo meseji nikiwa nimeketi na huyo binti, anakunja nguo za mtoto. Jamani, niliumia.

Nimembembeleza aende hospitali mpaka nikachoka. Anaogopa. Mwishowe akaandika, "Nitaenda ukinishika mkono wewe, Mama Precious. Bila wewe siendi." Nikajibu sawa, kwa sababu ningesema hapana ningekuwa nimemzika.

Anafika Nairobi Alhamisi. Nikimwambia ukweli, namjua huyo mama, atageuza na uvimbe wake arudi nyumbani na hatakanyaga kwangu tena. Nikimwambia mke wangu, naogopa hiyo presha, na tena nitaanzaje kumweleza kwamba nimejua habari za titi la mamake kabla yake? Nimefikiria kuomba jirani ajifanye Mama Precious. Lakini daktari akitoa majibu mabaya, huyo mama atalilia kwenye mabega ya mtu wa kuigiza?

Asubuhi hii ameandika kwamba sasa ana amani, na ametenga kuku wa kumletea Mama Precious kama shukrani.

Nisaidieni kabla ya Alhamisi. Basi likifika, nani awe pale stendi kumpokea?