Namba Kutoka Mbekenyera

Programu ya Mahamudu ya kuchorea nakshi za kofia iligoma msimu wa jando, wakati Nachingwea nzima inataka kofia za vijana wanaotoka. Siku za kawaida yeye ni mtu wa kufungua duka, kudarizi, kufunga, kisha kupika ugali wa mtu mmoja na kuula akitazama ukuta. Mimi ni jirani yake tangu arudi, na sijawahi kuona viatu vya mgeni mlangoni kwake.

Alirudi kutoka Mbekenyera, upande wa Ruangwa. Huko ndiko alikooa, akaishi kwa wakwe kama desturi yetu ilivyo. Yeye alikuwa wa mashine na nyuzi. Kompyuta ilikuwa ya mkewe, Raudha. Raudha alipofariki, ukoo wake ulisubiri arobaini, ukagawa vitu vya marehemu. Mashine na kompyuta akapewa Mahamudu. Simu ikaenda kwa mdogo wa marehemu, Sikudhani, na huko huko akabaki binti yao Munira, maana kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Hakuna aliyemfukuza Mahamudu. Ila hakuna aliyemwambia karibu tena, naye kwa haya zake akaona mlango umefungwa.

Basi programu ikasema haifunguki mpaka iwekewe kiraka, yaani marekebisho mapya. Rahimu, fundi kompyuta wa stendi, alikiweka vizuri tu. Kumaliza, programu ikataka kuhakiki leseni upya: namba ya siri ingetumwa kwenye simu iliyosajiliwa. Na iliyosajiliwa ni ya Raudha. Waliotengeneza kufuli lile, sidhani kama wamewahi kufiwa.

"Nikuwekee ya wizi, mzee," Rahimu akasema. "Inapiga kazi fresh."

"Na maua yake?"

Rahimu akatikisa kichwa. Nakshi zote alizochora Raudha zilikuwa zimefungwa kwa leseni ile ile. Programu nyingine isingezisoma. Ama namba ipatikane, ama kazi ya marehemu ipotee yote.

Mahamudu alishinda na simu mkononi. Tangu msiba hakuwa ameipiga namba ile. Alikuwa anaiogopa, na aliniambia hivyo bila kuzunguka. Jioni akapiga.

"Halo, shikamoo baba." Ilikuwa sauti ya Munira.

Mahamudu akaitikia marahaba. Kisha akamweleza shida yake, na mtoto akamsomea ujumbe ulioingia, tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu aliyesimamishwa mbele ya darasa. Mahamudu akaandika. Programu ikafunguka, maua ya Raudha yakajaa kwenye kioo.

"Imekubali?"

"Imekubali, mwanangu."

"Haya, baba." Mtoto akakata simu, kwa kuwa alichoombwa amekwisha kukifanya.

Ungedhani mtu angefurahi. Aliketi pale pale, hakuwasha hata taa, na nilipompelekea uji alisema ameshiba.

Kesho yake nilikwenda kusubiri kofia ya mwanangu. Mashine ilikuwa inadarizi vizuri, ua linatokea kwenye kitambaa. Mahamudu akainua simu, akapiga, bila kujali kwamba nipo.

"Munira, ile namba imegoma. Hebu nisomee tena."

Nikamwangalia. Hakuniangalia. Mtoto akaanza kusoma ile ile ya jana, taratibu, na baba yake akaitikia kila tarakimu, "ehe, ehe," hana kalamu wala karatasi.

Akafika tarakimu ya mwisho.

"Baba," Munira akasema, "kompyuta ikipona, hutapiga tena?"

Mahamudu akanyoosha mkono akazima mashine, mtoto asiisikie ikifanya kazi.

"Haijapona, mwanangu," akasema. "Bado kabisa."